Dalali ametupa wakili wake: tumkubali?

Swali: Shikamoo wakili. Mimi na mume wangu tunaishi Reading, Uingereza. Wiki iliyopita ofa yetu ya pauni 285,000 imekubaliwa kwenye fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu katika jengo la ghorofa sita. Tangazo limeandikwa "leasehold, miaka 83", yaani umiliki wa muda. Dalali anatusukuma tumtumie wakili wa kampuni anayofanya nayo kazi, anasema mambo yataenda haraka. Rafiki yetu anasema tutafute wa bei nafuu mtandaoni. Fedha ya kuanzia ni akiba yetu, pauni 6,000 za upatu tunaocheza kina mama hapa, na pauni 10,000 anazotupa kaka yangu aliyeko Dar es Salaam. Mume wangu ana nyumba Tanga, aliinunua kabla hatujahama. Tumchague nani, na huyo wakili atatufanyia nini hasa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongereni. Umeuliza mambo mawili, lakini lipo la tatu ulilolitaja kwa kupita tu, nalo ni nyumba ya Tanga. Naanza nalo, kwa sababu linaweza kuwagharimu kuliko ada ya wakili yeyote mtakayempata.

Hapa England, anayenunua nyumba ya kwanza maishani hupewa nafuu ya ushuru wa stempu, ile kodi anayoilipa mnunuzi wa nyumba. Halipi kitu kwa pauni 300,000 za kwanza, mradi bei ya nyumba isizidi 500,000. Kwa fleti yenu angelipa sifuri. Ila "ya kwanza" hapo ni ya kwanza duniani kote, na mnaponunua wawili, wote wawili lazima muwe hamjawahi kumiliki nyumba. Mume wako ameshanunua Tanga, kwa hiyo nafuu hiyo hamna. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Aprili 2025, ushuru wa kawaida kwenye pauni 285,000 ni pauni 4,250. Halafu kuna ushuru wa ziada: ambaye siku ya kununua ana nyumba nyingine popote duniani, na thamani ya sehemu anayoimiliki inafika pauni 40,000, hutozwa asilimia 5 zaidi juu ya bei yote. Kwenu hiyo ni pauni 14,250 nyingine, jumla 18,500. Wala msifikirie kuliondoa jina la mume kwenye hati. Katika ushuru huu wa ziada wanandoa wanaoishi pamoja huhesabiwa kama mtu mmoja.

Kama nyumba ya Tanga haifiki pauni 40,000, ziada hiyo haiwahusu na mtalipa zile 4,250 tu. Basi mtafuteni mthamini aliyesajiliwa huko, aandike thamani kwenye karatasi yenye mhuri na tarehe. Fanyeni hivyo wiki hii. Nimekaa mezani na familia iliyogundua deni la namna hii siku chache kabla ya kufunga mkataba, fedha zote zimeshapangiwa kazi, na sipendi kukaa tena kwenye meza kama ile. Fomu ya kampuni ya mawakili ilikuwa imewauliza tu: je, mnanunua kwa mara ya kwanza? Wakaweka tiki kwenye ndiyo, kwa nia safi, wakidhani wanaulizwa habari za Uingereza. Na ujue kwamba hata wakili akiijaza ritani ya ushuru kwa niaba yenu, anayewajibika mbele ya mamlaka ya kodi ni mnunuzi.

Hapo mmeshapata kipimo cha kwanza cha kumchagulia wakili. Mpigie, mweleze habari ya Tanga kwa sentensi mbili, usikilize. Anayejua kazi atakuuliza hapohapo: ilinunuliwa lini, kwa jina la nani, ina thamani gani. Akijibu "hilo tutaliangalia baadaye", shukuru, kata simu, mpigie mwingine.

Sasa dalali. Yeye analipwa na muuzaji, hilo msilisahau hata akiwa mkarimu vipi. Madalali wengi pia hupewa ada na kampuni ya mawakili kwa kila mteja wanayempeleka. Si kosa, lakini wanatakiwa kuwaeleza, nanyi mna haki ya kuuliza ni kiasi gani. Hakuna sheria inayowalazimisha kumchukua wakili aliyependekezwa naye. Sisemi mawakili hao wote ni wabaya, maana nimefanya kazi mkabala na baadhi yao na walikuwa hodari. Ninachokikataa ni hiyo hoja ya haraka. Kasi ya ununuzi hutegemea benki, halmashauri, msimamizi wa jengo na watu wengine walio kwenye mnyororo wa kuuziana, na hao wote hawamtii dalali. Miezi mitatu hadi minne ni kawaida, na fleti huchukua zaidi mara nyingi.

Na yule wa bei nafuu? Tangu Desemba 2018, kampuni za mawakili zinazosimamiwa na Solicitors Regulation Authority zinatakiwa kuchapisha bei za kazi hii kwenye tovuti zao, kwa hiyo kulinganisha si kazi ngumu. Ugumu uko kwenye yale yanayofuata baada ya ile namba kubwa ya juu. Utaona ada ya pauni 600, halafu chini yake nyongeza kwa kuwa ni fleti, nyongeza kwa kuwa kuna zawadi ya fedha, nyongeza ya kuishughulikia benki, ya kuhakiki vitambulisho, ya kila uhamisho wa fedha, na juu ya yote kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Mwambie kila mmoja akupe jumla moja kwa maandishi, kila kitu kikiwa ndani, kwa ununuzi wenu kama ulivyo: fleti, mkopo, zawadi kutoka nje ya nchi. Muulize pia mtadaiwa nini ununuzi ukivunjika. Kwa maoni yangu, tofauti ya pauni 300 kati ya kampuni mbili haistahili kuwaamulia jambo hili.

Mtakutana na aina mbili za wataalamu. Wako mawakili wa kawaida, wale wanaoitwa solicitor, na wako wataalamu wenye leseni ya kuhamisha umiliki wa nyumba tu, wanaosimamiwa na Council for Licensed Conveyancers. Wote wana ruhusa ya kuifanya kazi yenu na wote hulazimika kuwa na bima. Mimi huangalia zaidi ni nani atakayelishika faili lenyewe. Hakikisheni jina lake au la kampuni yake limo kwenye rejista ya chombo kinachomsimamia, na ulizeni kama kampuni imo kwenye orodha ya mawakili wanaokubaliwa na benki yenu. Isipokuwemo, benki itaweka wakili wake na mtalipia wawili.

Halafu muulizeni maswali yanayogusa fleti yenu. Je, anashughulikia majengo ya ghorofa sita? Baada ya moto wa jengo la makazi la Grenfell Tower jijini London, tarehe 14 Juni 2017, uliowaua watu 72, Bunge lilipitisha sheria ya usalama wa majengo ya mwaka 2022. Sheria hiyo ina masharti mazito kwa majengo ya kuanzia mita 11 au ghorofa tano: nani alipe kurekebisha kuta zinazoshika moto, cheti gani kitolewe na mwenye jengo, hati gani itiwe saini na mwenye fleti. Kuna kampuni zisizopokea kabisa mafaili ya majengo hayo. Afadhali mlijue hilo leo kuliko baada ya wiki sita.

Muulizeni pia nani hushika kazi yake akiwa likizo, na kama mtazungumza naye mwenyewe au na kituo cha simu. Kisha fanya jaribio dogo. Piga simu Jumanne saa nne asubuhi bila miadi, uone kama anapokea mtu anayeweza kukujibu. Jinsi mnavyohudumiwa wakati bado wanawataka ndiyo bora mtakayoipata, baadaye haitaongezeka.

Tuje kwenye fedha. Sheria za kuzuia utakatishaji fedha zinamtaka wakili ajue kila pauni ilikotoka, na hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Si kwa sababu ya uovu, ni kwa sababu ya kukosa karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na upatu wenu unaendeshwa kwa daftari au kwa kundi la simu tu. Wakili akiona pauni 6,000 zimeingia kutoka kwa akaunti ya mama mmoja msiyehusiana naye, lazima asimame na kuuliza. Msisubiri aulize. Mwambieni mwenye kushika upatu aandike barua: mchezo ulianza lini, wanachama wangapi, kila mmoja anatoa kiasi gani, zamu yako ilikuwa lini. Ambatanisheni taarifa za benki zinazoonyesha ukitoa kila mwezi, kisha ukipokea. Kama mlikuwa mnachanga taslimu, kazi ni ngumu zaidi, na hilo mwambieni mapema zaidi.

Pauni 10,000 za kaka zinahitaji barua ya zawadi inayosema wazi kwamba si mkopo na kwamba hatakuwa na sehemu yoyote katika fleti. Zinahitaji pia pasi yake iliyothibitishwa, na taarifa zake za benki zikionyesha alizipataje: mshahara, biashara, kiwanja alichouza. Hapo huwa kuna kaka anayekasirika, anauliza kwa nini Mzungu anataka kupekua akaunti yake. Mweleze kwa upole kwamba mawakili wote wa huku hutakiwa kuuliza hivyo. Fedha zikae kwenye akaunti zenye majina yenu mapema, zisizunguke kupitia kwa binamu wawili kabla ya kufika. Na jambo moja la kuwa wakweli nalo kabisa: kama ndani ya familia mmekubaliana mtamrudishia kaka, basi huo ni mkopo, na benki lazima iambiwe. Wakili wenu kwa kawaida ana wateja wawili, ninyi na benki. Akijua jambo ambalo benki ilipaswa kulijua, hawezi kulificha, na mkimkataza kusema atalazimika kuacha kazi yenu.

Sasa umeuliza atawafanyia nini. Kwanza atapokea rasimu ya mkataba kutoka kwa wakili wa muuzaji na kuisoma hati kwenye HM Land Registry, masijala ya ardhi ya huku. Ataangalia kama anayeuza ndiye mmiliki, kama kuna rehani au vizuizi vilivyosajiliwa, na nani ana haki ya kupita wapi. Atafanya upekuzi: halmashauri kwa habari za vibali vya ujenzi na barabara, kampuni ya maji kwa mabomba na maji taka, na upekuzi wa mazingira kwa mafuriko na ardhi iliyochafuliwa. Muuzaji naye hujaza fomu ndefu kuhusu nyumba, na majibu yake mtaletewa. Zisomeni wenyewe. Wakili hajaiona fleti, hatakwenda kuitazama. Mkiona kwenye ramani ya hati sehemu ya kuegesha gari iko upande usio ule mlioonyeshwa, ni ninyi tu mnaoweza kulisema hilo. Ukuta wenye unyevu si kazi yake pia, ni kazi ya mkaguzi wa majengo, na ile tathmini ya benki haiwatoshi kwa sababu inafanywa kwa ajili ya benki.

Kwa fleti, kazi yake kubwa iko kwenye mkataba wa umiliki wa muda. Hamnunui jengo, mnanunua haki ya kuwa na fleti hiyo kwa miaka iliyobaki, na ardhi ni ya mwingine. Miaka 83 inasikika mingi, lakini kuna mstari kwenye miaka 80. Ikishuka chini ya hapo, gharama ya kuongeza muda hupanda, kwa kuwa mwenye ardhi hudai pia nusu ya thamani inayoongezeka fleti ikishapata miaka mipya. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuondoa malipo hayo, ila sheria kupitishwa na sheria kuanza kutumika ni mambo mawili, kwa hiyo mwulizeni wakili hali ikoje siku mnayosaini. Habari njema ni kwamba tangu tarehe 31 Januari 2025 huhitaji tena kumiliki kwa miaka miwili kabla ya kudai kuongezewa muda. Mnaweza kuanza mara tu mkisajiliwa. Jumlisheni gharama hiyo kwenye hesabu yenu sasa, au mkamwombe muuzaji apunguze bei.

Mwambieni awajibu kwa maandishi na kwa lugha rahisi: ada ya huduma ya jengo imekuwa kiasi gani kwa miaka mitatu iliyopita, kuna ukarabati mkubwa unakuja, kodi ya kiwanja mtakayomlipa mwenye ardhi inapanda vipi, na mna ruhusa ya kupangisha mtu au la. Ripoti atakayowaandikia ndiyo mnayoilipia. Msipoelewa ukurasa, msiusaini. Ombeni nusu saa ya simu, mume na mke mkiwa pamoja, mpitie ukurasa kwa ukurasa. Sijawahi kukutana na wakili wa maana aliyechukizwa na ombi hilo.

Atawauliza pia mnataka kumiliki kwa namna gani. Mkimiliki kwa pamoja bila mgawanyo, mmoja akifariki fleti yote humwendea aliyebaki moja kwa moja, haijalishi wosia unasema nini. Mkimiliki kwa hisa, kila mmoja anaweza kuiachia sehemu yake amtakaye. Kama mume ana watoto wa ndoa nyingine, au mnataka mirathi igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, swali hilo halijibiwi kwa tiki. Kaeni nalo nyumbani kwanza.

Kisha inakuja siku ya kubadilishana mikataba. Kabla yake, yeyote anaweza kujitoa bila fidia, hata muuzaji aliyepata ofa kubwa zaidi. Baada yake mmefungwa. Arubuni ya kawaida ni asilimia 10, kwenu pauni 28,500. Mkikubaliwa kulipa asilimia 5, fahamuni kwamba masharti ya kawaida ya mikataba hii bado yanaweza kuwadai ile iliyobaki mkishindwa kukamilisha, yaani kulipa bei iliyobaki siku ya kukabidhiwa funguo. Mkichelewa siku ya kukamilisha mtapewa notisi ya siku 10 za kazi, na zikipita muuzaji anaweza kuondoka na arubuni yenu. Kwa hiyo wakili asibadilishane mkataba kabla ofa ya mkopo haijatoka, fedha zote hazijahakikiwa, na jibu la ushuru wa Tanga halijajulikana. Mwandikieni hivyo.

Kuna hatari moja inayonikosesha usingizi kuliko nyingine zote. Wezi huingia kwenye barua pepe, husoma mazungumzo yenu kimya kimya, na siku ya kutuma arubuni huwaletea ujumbe unaofanana kabisa na wa wakili: "akaunti yetu imebadilika, tuma hapa." Fedha zikienda huko, kuzirudisha ni kazi ngumu. Chukueni namba ya akaunti ya kampuni siku ya kwanza, kwenye karatasi. Ujumbe wowote wa kubadilisha ni wa kutiliwa shaka. Pigeni simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyo kwenye ujumbe. Tumeni pauni moja kwanza, wakiithibitisha kwa sauti mnayoifahamu ndipo mtume zilizobaki.

Katikati ya safari msimpigie wakili kila siku, na msikae kimya mwezi mzima. Barua pepe moja kwa wiki inatosha: kimefika nini, tunasubiri nini, kwa nani. Akiwaomba karatasi, pelekeni siku hiyohiyo, zote kwa pamoja, kwa majina yaleyale yaliyo kwenye pasi. Nasisitiza majina kwa sababu nimeona mtu mwenye majina matatu kwenye pasi, mawili benki, na la mume kwenye mshahara, na faili likakaa wiki mbili kwa ajili hiyo tu.

Mambo yakiharibika, lalamikeni kwanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi. Ina wiki nane za kujibu. Msiporidhika, nendeni kwa Legal Ombudsman, chombo huru cha malalamiko dhidi ya mawakili, ni bure, ila msizidishe mwaka mmoja tangu jambo litokee au tangu mlipolitambua.

Baada ya kukabidhiwa funguo, wakili ana siku 14 za kuwasilisha ritani ya ushuru na kuulipa, kisha anaomba usajili. Usajili wenyewe unaweza kuchukua miezi, lakini ninyi mmeshahamia. Ukimalizika mwombeni nakala ya rejista, msome majina yenu herufi kwa herufi, anwani, na ile namna ya kumiliki mliyoichagua. Mpeni masijala barua pepe yenu iwe anwani ya mawasiliano, na mjiandikishe kwenye huduma yao ya bure iitwayo Property Alert, ili mtu akijaribu kuigusa hati ya fleti yenu mpate taarifa, hata mkiwa likizo Tanga.